Endesha baiskeli kando ya ziwa, lakini usiioshe ndani yake

Ikiwa unaishi Milimani, Tom Mboya au mtaa mwingine wowote wa Kisumu, na umri wako umepita miaka 40, kuna uwezekano mkubwa kwamba kazi yako hufanyika ukiwa umeketi. Asubuhi unaketi ndani ya gari, mchana unaketi ofisini, jioni unaketi mbele ya runinga. Utafiti wa kitaifa uliofanywa nchini mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima walikuwa na shinikizo la damu lililopita kiasi, na wengi wao hawakuwa wakijua. Ugonjwa huu hauumi. Mtu huutambua siku mdomo unapopinda na mkono mmoja kukataa kuinuka.

Kwa sababu hiyo mimi hufurahi ninapoona watu wa umri wangu wakiondoka Jumamosi asubuhi na baiskeli zenye tairi pana kuelekea Dunga, Riat au uwanda wa Kano. Shirika la Afya Duniani hushauri kila mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au nusu ya muda huo ikiwa mazoezi ni makali. Saa tatu za baiskeli siku ya Jumamosi, pamoja na matembezi mafupi katikati ya wiki, zinatosha kabisa. Baiskeli ina faida nyingine ambayo kukimbia hakuna: uzani wako hubebwa na kiti. Mtu mwenye kilo 95 akikimbia lami ya Milimani, magoti yatamlalamikia kabla moyo haujafaidika. Akipanda baiskeli, magoti huzunguka bila kugongwa.

Wala si jambo geni kwetu. Kwa miaka mingi Kisumu ulikuwa mji wa baiskeli. Boda boda za zamani, zile Black Mamba nzito zenye karia iliyowekwa mto wa sponji, zilibeba wafanyakazi, wagonjwa na magunia ya omena mpaka mwishoni mwa miaka ya 2000, pikipiki za bei nafuu zilipoingia kwa wingi. Wale vijana hawakuwa na habari ya dakika 150 kwa wiki. Walizimaliza kabla ya saa nne asubuhi ya Jumatatu. Siku hizi kuendesha baiskeli katika barabara za changarawe umekuwa mchezo wenye mashindano yake. Mwaka 2021 yalianzishwa Maasai Mara mashindano ya Migration Gravel Race, ya siku nne, na vijana wa Kenya wamekwenda kushindana hadi Ulaya na Marekani.

Lakini njia za kando ya ziwa si uwanja wa michezo uliofyekwa. Kila njia ina ugonjwa wake, na nia yangu leo ni kukuonyesha njia na ugonjwa kwa pamoja.

Njia fupi

Njia iliyo karibu zaidi na Milimani ni ile inayopita Hifadhi ya Swara ya Kisumu, ikafika Hippo Point, kisha Dunga, na kurudi kupitia Nyalenda. Ni tambarare, na anayeanza anaweza kuimaliza kabla jua halijakuwa kali. Kinamasi cha Dunga, pamoja na mafunjo yake na ndege wake, ni mahali pazuri pa kupumzisha akili.

Hatari ya kwanza hapo ni kiboko. Mnyama huyu hutoka majini jua linapotua, akala nyasi usiku kucha, kisha akarudi alfajiri. Akikuta kitu kati yake na maji hukihesabu kuwa adui, na mbio zake za masafa mafupi humshinda mtu. Basi usipite vichochoro vya matete kabla ya jua kuchomoza wala baada ya kutua. Ukiona njia iliyochimbika kama handaki kati ya mafunjo, yenye nyayo pana na mavi yaliyotapanywa, hiyo si njia ya baiskeli.

Hatari ya pili ni ndogo kiasi kwamba huwezi kuiona kwa macho, na hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Kichocho

Waendesha baiskeli wengi wana desturi moja. Wanafika ufukweni saa tano au saa sita, miguu na baiskeli zimejaa vumbi jekundu au matope meusi. Maji ni haya hapa, ya bure. Wanavua viatu, wanaingia hadi magotini, wanaosha baiskeli, wanaosha miguu, wengine wanajimwagia kichwani. Baada ya dakika kumi wanatoka wakiwa safi.

Muda huo unatosha kabisa kupata kichocho. Ugonjwa huu husababishwa na minyoo ambayo mayai yake huingia majini kupitia choo cha mtu aliyeambukizwa. Mayai huangua, vijidudu vikaingia ndani ya konokono wadogo wa maji baridi, vikazaana humo kwa wiki kadhaa, kisha vikatoka kwa maelfu na kuogelea vikitafuta ngozi ya mtu. Mwanga ndio unaovifanya vitoke, kwa hiyo saa za jua kali, kati ya asubuhi ya saa nne na alasiri, ndizo saa mbaya zaidi. Hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha katika muda wa dakika chache. Konokono hao hupenda maji yaliyotulia penye majani, na gugumaji ambalo limekuwa likiisumbua Ghuba ya Winam tangu miaka ya 1990 huwapa makao mazuri.

Kisumu ina ushahidi wake wa jambo hili. Kuanzia miaka ya 1990, watafiti wa taasisi ya KEMRI, ambayo ina kituo Kisian, pamoja na wenzao wa Marekani, walifuatilia kwa miaka vijana wanaoosha magari katika ufuo wa mji huu. Walikuwa wakitibiwa, wanapona, wanarudi majini na kuambukizwa tena. Wengine iliwachukua muda mfupi tu kuambukizwa upya. Wengine, baada ya kutibiwa mara kadhaa, mwili wao ulianza kuwa mgumu kuambukizwa. Mwendesha baiskeli anayeosha tairi zake ziwani anafanya kazi ileile ya muosha magari, ila yeye halipwi.

Mwanzoni unaweza kusikia mwasho wa ngozi siku hiyohiyo au kesho yake, au usisikie lolote. Kati ya wiki ya 2 na ya 8, baadhi ya watu, hasa wageni ambao hawajawahi kuambukizwa, hupata homa, kikohozi, vipele vinavyowasha na uchovu. Hapa ndipo makosa hufanyika. Mtu huyu hununua dawa za malaria dukani bila kupimwa, homa ikapungua yenyewe kama ambavyo ingepungua bila dawa yoyote, akaamini amepona. Minyoo inabaki. Ile ya ziwani hukaa katika mishipa ya damu ya utumbo na hutaga mayai kwa miaka. Mayai yanayonaswa ndani ya ini huliacha na makovu. Mwisho wake, kwa aliyeachwa muda mrefu, ni tumbo kujaa maji na kutapika damu.

Mgonjwa mmoja wangu, mwanamume wa miaka 46 mwenye kazi ya benki, alikuja akiwa na maumivu ya tumbo na damu kidogo kwenye choo. Alikuwa amejisomea, na alikuwa ameamini ni saratani. Alikuwa tayari amemweleza mkewe mahali zilipo hati za shamba. Nilipomwuliza kama huingia ziwani alisema hapana, yeye si mvuvi wala haogelei. Swali la tatu ndilo lililofungua mlango: baiskeli unaiosha wapi? Kipimo cha choo kilionyesha mayai. Alimeza tembe, na baada ya muda alikuwa mzima.

Tembe hizo zinaitwa prazikwanteli. Hupimwa kulingana na uzani wa mgonjwa, humezwa pamoja na chakula, na kwa kawaida matibabu humalizika siku moja. Si ghali. Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalijui: dawa hii huua minyoo iliyokomaa na huiacha michanga. Kwa hiyo kuimeza jioni ya siku uliyoingia majini ni kazi bure. Ikiwa umegusa maji ya ziwa, subiri wiki 6 hadi 8, kisha nenda ukapimwe. Mwambie daktari waziwazi kwamba uliingia majini, na taja tarehe.

Kujikinga ni rahisi. Acha tope likauke, kisha lipanguse kwa brashi. Osha baiskeli nyumbani kwa maji ya mfereji. Ukilazimika kutumia maji ya ziwa, yawe yamechemshwa au yamekaa katika pipa lililofunikwa, lisilo na konokono, kwa siku 2 kamili. Vijidudu hivyo haviishi zaidi ya hapo. Kujifuta kwa taulo haraka baada ya kutoka majini kunaweza kupunguza hatari kidogo, lakini mimi simwambii mtu ategemee taulo.

Uwanda wa Kano

Ukipita Nyamasaria na Rabuor kuelekea Ahero, unaingia katika nchi ya mpunga. Kingo za mifereji ya mradi wa Ahero na ule wa Kano Magharibi zina njia nzuri, nyembamba, zisizo na malori. Ndege ni wengi kiasi kwamba utajikuta umesimama bila kukusudia. Huko kichocho hubadilika sura. Katika mifereji na madimbwi ya Kano kuna aina ya pili, inayoshika kibofu, na dalili yake ni damu katika mkojo. Usiingize mguu kwenye mfereji, hata kama unaonekana msafi kuliko ziwa.

Udongo wa Kano ni mweusi na hunata. Mvua ikinyesha, tairi hukusanya tope mpaka gurudumu linakwama, na hapo utaibeba baiskeli iliyokusudiwa kukubeba. Katika mvua za masika, Machi hadi Mei, mto Nyando hufurika mara kwa mara. Wakati huo usiende kabisa. Hata ufuo wenyewe hausimami mahali pamoja. Watu husahau kwamba Ziwa Viktoria ni bwawa pia. Tangu lilipokamilika Bwawa la Owen Falls huko Jinja mwaka 1954, ambalo sasa huitwa Nalubaale, maji yanayotoka ziwani yamekuwa yakipitia milango ya wanadamu. Lakini mvua hazina mlango. Mwaka 2020, na tena 2024, ziwa lilipanda likameza nyumba na njia za ufuoni. Njia uliyoizoea inaweza kuwa dimbwi, na dimbwi lenye majani ni makao ya konokono. Geuka urudi, usilivuke huku umebeba baiskeli begani.

Kisian, Seme na milima

Wenye nguvu zaidi huchukua barabara ya Busia hadi Kisian, wakaingia ile ya Bondo hadi jiwe la Kit Mikayi huko Seme, kisha wakashuka kwa njia za changarawe kuelekea ufuoni. Barabara kuu ina lami na magari ya kasi, kwa hiyo itumie mapema. Ondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Saa hizo upepo mwepesi hutoka nchi kavu kwenda ziwani na utakusukuma mgongoni. Kuanzia adhuhuri upepo hugeuka, ukavuma kutoka ziwani, ukakusukuma tena unaporudi mjini. Wavuvi wetu wametumia ratiba hiyo kwa tanga tangu zamani.

Ila usicheleweshe kurudi. Upepo huohuo wa ziwani hupanda kwenye milima na kuzaa mawingu, na radi za alasiri katika eneo hili ni nyingi. Ukisikia ngurumo, tafuta jengo lenye paa na kuta au ingia ndani ya gari. Usisimame chini ya mti ulio peke yake. Subiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho ndipo uendelee.

Milima ya Riat na Kajulu, kaskazini mwa mji, ni kipimo cha moyo. Kupanda huko ni kazi kali, na mtu asiyejua shinikizo lake la damu hana ruhusa yangu ya kujaribu. Pima kwanza. Ikiwa namba ya juu ni 180 au zaidi, au ya chini 110 au zaidi, anza na dawa na matembezi, milima itakungoja. Maumivu ya kifua yanayokuja ukipanda na kuondoka ukipumzika si gesi, hata kama yanapungua ukinywa soda. Simama, rudi nyumbani kwa gari, uende hospitali siku hiyohiyo.

Na kushuka ni hatari kuliko kupanda. Mwezi Agosti 2022 Kenya ilimpoteza Suleiman Kangangi, nahodha wa timu ya Amani, aliyefariki katika ajali akiwa kwenye mbio za changarawe katika jimbo la Vermont, Marekani. Yeye alikuwa mshindani wa kiwango cha kimataifa. Wewe na mimi tushuke polepole, breki zote mbili zikiwa zimekaguliwa na fundi, na helmeti kichwani imefungwa kidevuni. Helmeti iliyotundikwa kwenye usukani haimsaidii mtu.

Maji, jua na mwili

Kisumu iko karibu juu ya mstari wa Ikweta, na hewa yake ni nzito. Jasho halikauki upesi, hivyo mwili haupoi vizuri. Beba maji ya kutosha kunywa nusu lita hadi lita moja kila saa, na unywe kidogokidogo kabla kiu haijakushika. Mkojo ukiwa na rangi ya chai isiyo na maziwa, umechelewa. Safari ikizidi saa mbili, tengeneza kinywaji hiki: lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kichwa kikiuma, ukitetemeka au ukichafukwa na moyo, kaa kivulini. Mwenzako akianza kuzungumza maneno yasiyoeleweka na ngozi yake ina moto, hilo ni jambo la dharura: mmwagieni maji, mpepeeni, na mpelekeni hospitali.

Wanaotumia dawa za presha zinazoongeza mkojo huishiwa maji upesi kuliko wengine. Mwenye kisukari anayetumia insulini au tembe za kushusha sukari abebe peremende au glukosi mfukoni, apime kabla ya kuondoka, na asiende peke yake. Mwenye pumu avute dawa yake kabla ya kuanza na akae mbali na vumbi la malori ya mchanga.

Neno kuhusu ugonjwa wa selimundu, ambao ni mwingi katika eneo letu la ziwa. Kijana mwenye ugonjwa huu asishindane wala kujichosha kupita kiasi; upungufu wa maji na uchovu vinaweza kumletea maumivu makali ya mifupa. Anaweza kupanda baiskeli polepole, katika saa za baridi, akiwa na maji mengi na kwa idhini ya daktari wake.

Wageni wanaotoka Nairobi au Eldoret kwa wikendi wakumbuke malaria. Mtu aliyekulia nyanda za juu hana kinga dhidi yake. Aonane na daktari kuhusu dawa za kuzuia kabla ya kuja, alale ndani ya neti, na homa yoyote katika wiki zinazofuata ipimwe damu.

Kuhusu baiskeli yenyewe nitasema machache. Kiti kiwe cha urefu ambao, ukiweka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unanyooka. Kiti kilicho chini sana huumiza goti upande wa mbele. Tairi zisijazwe upepo hadi ziwe ngumu kama jiwe, kwa sababu mtikiso wa changarawe hubana neva za viganja na vidole viwili vya mwisho hufa ganzi. Wanaume pia hunijia, kwa aibu, wakilalamika kwamba sehemu za siri zimekufa ganzi. Inuka kwenye kiti kila baada ya dakika kumi, na umwombe fundi ashushe kidogo ncha ya mbele ya kiti. Ganzi ikiendelea hadi kesho yake, njoo tuzungumze.

Mbwa wa vijijini hufukuza baiskeli. Usishindane naye, shuka, weka baiskeli kati yako naye, utembee taratibu. Akikuuma, hata kama ni mkwaruzo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda upate chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa. Ugonjwa huu dalili zikishaanza hauna tiba. Hapohapo uliza kuhusu sindano ya pepopunda, ambayo pia unaihitaji ukianguka na kuchubuka kwenye barabara wanayopita ng'ombe.

Na ukifika Dunga ukiwa na njaa, kula ngege na ugali bila wasiwasi. Samaki huyo akichemshwa ni bora kuliko akikaangwa, ingawa najua wangapi watanisikiliza. Ukimaliza kula, itazame baiskeli yako yenye vumbi, yatazame na yale maji, kisha ipande hivyohivyo hadi nyumbani. Aliyekwisha kuiosha ziwani miezi iliyopita aende apimwe choo na mkojo wiki hii, katika kituo cha afya kilicho karibu naye au katika Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita Russia.